Kituo cha Nane

Jumatatu, 2 Machi

Eze kanyonya, kalala. Nikapiga Pangani. Bi Mwanaidi kachelewa kupokea, kumbe baada ya daku alirudi kulala kidogo. Maji ya leo safi, upepo hamna. Nikapiga Mafia. Mzee Shomari akaniuliza kama kawaida yake, huko milimani kwenu samaki wapo? Nikamwambia wapo, wanakuja na basi, wameshakaangwa. Akacheka mpaka akakohoa.

Vituo ni saba, kuanzia Tanga kushuka mpaka Mtwara. Kila asubuhi nauliza maji yameamkaje. Mawimbi, rangi, joto, wameona nini. Namsomea Dada Rehema, yeye anaingiza kwenye kompyuta. Mimi niko Tunduma, nasikia honi za malori ya Kongo. Bahari sijaiona hata siku moja.

Mwenye kazi ni Dada Rehema. Alisomea bahari. Akaolewa na Baba Salha wa malori, akaja huku na kazi yake kwenye begi. Mimi nilikuja kwake kufua. Siku moja anakanda unga, simu ikaita, akasema Mama Eze hebu pokea huyo. Nikapokea. Ndiyo mpaka leo. Shule niliishia kidato cha pili lakini sasa najua bamvua ni nini. Ni zile siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yanakupwa mbali sana, matumbawe yanabaki nje kama mawe ya jikoni.

Alhamisi ni mazoezi. Vituo vyote kuchovya vipima joto dakika moja. Siku yenyewe ni Jumamosi ya tarehe 21, bamvua kubwa. Nchi za jirani nazo zitachovya dakika hiyohiyo. Dada Rehema kanielewesha hivi: maji mwaka huu yana joto, matumbawe yanapauka, na hatujui joto linaanzia wapi. Ni kama nyumba ina watoto saba wana homa. Ukimpima mmoja asubuhi na mwingine jioni, huwezi kujua nani kazidiwa. Hapo nikaelewa kabisa.

Nimefurahi siku nzima. Hata kufua nimefua kwa kuimba.

Jumatano, 4 Machi

Dada Rehema kalazwa Vwawa. Presha. Mimba bado miezi miwili na miguu imevimba, viatu havimwingii. Baba Salha kampeleka na gari, mimi nyuma na beseni na kanga.

Kabla ya sindano akanipa simu ya mradi mkononi. Kesho utawachovyesha wewe, akasema. Waunganishe wote kwenye simu ya kundi, saa nne kamili sema neno moja: chovyeni. Mtu asichovye mpaka akusikie.

Namwonea huruma. Na pia nina raha, sitajidanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Simu iko chini ya mto wangu. Eze anaitaka aile.

Alhamisi, 5 Machi

Nimeharibu.

Huku ninakokaa ni mpakani kabisa. Nikimwaga maji ya vyombo yanaenda Nakonde, upande wa Zambia. Simu zetu zinavuka zenyewe bila pasi. Zikidaka mnara wa Zambia, saa inarudi nyuma saa nzima, maana wenzetu wako nyuma yetu. Hakuna mtu wa Tunduma asiyejua hilo. Hapa ukimtajia mtu saa anakuuliza, ya kwetu au ya kwao? Hata mimi nauliza kila siku. Lakini simu ya mradi ilikuwa inalala kwa Dada Rehema kule juu, haijawahi kuvuka. Sikufikiria. Furaha ilinijaa kichwani.

Nikamwogesha Eze, nikampaka mafuta, nikanywa chai. Nikaona kimya, hakuna kituo kinachopiga. Nikasema wana adabu hawa, wananingoja. Kumbe walikuwa wanapiga, hazifiki. Simu iliposema saa nne nikabonyeza. Hakuna. Nikabonyeza tena. Nikambeba Eze mgongoni nikapanda mpaka barabara ya lami, nakimbia katikati ya malori. Mama mmoja wa Zambia muuza maharage akanisalimia mulishani, sikumwitika. Mnara wetu ukashika. Saa ikaruka mbele pale pale ninapoitazama. Saa tano imeshapita.

Vituo vitatu walichovya wenyewe, kila mtu na dakika yake. Vinne walisimama kunisubiri mpaka maji yakawarudia kiunoni. Na wamefunga.

Bi Mwanaidi hakunigombeza. Kasema tu, tulikungoja mwanangu.

Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 6 Machi

Vwawa. Nilimwambia Dada Rehema yote, hata chai. Alishika tumbo akacheka. Yaani Mama Eze, mnara ndio umekusaliti? Halafu akanionyesha namna ya kufunga saa ya simu isihame. Hilo ningekuambia juzi, akasema, kosa tugawane.

Daktari wa mradi akapiga akiwa pwani. Simu ilikuwa na sauti kubwa nikasikia. Uratibu urudi pwani, Rehema. Vituo vya bahari vinaongozwaje kutoka mpakani na Zambia? Na huyo msaidizi wako ana elimu gani? Dada Rehema akasema ana sikio. Mpe bamvua ya tarehe 21. Ikiharibika chukua.

Daktari kakubali, kwa shingo upande.

Basi iko hivyo. Nikikosea tena, kazi inaondoka. Dada Rehema anabaki na kitanda, mimi nabaki na beseni. Yeye aliiacha bahari kwa ajili ya mume, simu hizi ndizo zilizombakia. Nikimpotezea na hizo sijui nitamtazamaje.

Nimeshaamua. Siku hiyo sikai mpakani. Naenda kijijini Isansa, kwa mama yangu. Kule mnara wa Zambia haufiki.

Jumanne, 10 Machi

Nimepiga vituo vyote mara mbili, asubuhi na jioni. Jioni siyo lazima. Najipendekeza tu.

Kombo wa Kilwa kaona njia ya kasa mchangani. Kapiga picha. Kama mtu kaburuta gunia la mkaa, huku na huku alama za mikono. Anapanda kutoka majini peke yake kuja kutaga, halafu anarudi. Nikamwonyesha Eze. Nikamwambia huyo kasa ni mama, alitembea hivyo kwa ajili ya watoto. Eze akalamba kioo.

Baba Eze karudi kutoka Lusaka na lori. Utingo bado, udereva wanamwahidi tu. Kasikia ninavyoongea na vituo akaniita nahodha. Nahodha wa Tunduma, akasema, meli yako iko wapi, kwenye foleni? Yeye bahari aliiona mara moja bandarini, juu ya kontena. Nikamuuliza ikoje. Akafikiri sana. Maji, akasema. Mengi.

Nilimpiga na nepi.

Jumatatu, 16 Machi

Kuna jambo. Maji yanafuata mwezi na sikukuu nayo inafuata mwezi. Mwezi ukionekana Alhamisi, Idi ni Ijumaa, na Jumamosi yetu iko salama. Usipoonekana, Idi ni Jumamosi yenyewe. Vituo karibu vyote ni Waislamu.

Mimi nimezaliwa Moraviani, Pasaka naijua. Hili sikulihesabu. Dada Rehema alilijua tangu mwanzo. Alipanga kuwapigia mwenyewe, ndio akalazwa. Nikauliza kwa nini tusisogeze. Haisogei, nchi nyingine zimeshapanga.

Bi Mwanaidi kasema tusilie kabla ya msiba, mwezi utaonekana. Mzee Shomari kasema kwa mawingu haya, Mama Eze, hata mke wangu simuoni.

Alhamisi, 19 Machi

Mwezi haujaonekana.

Nilikaa na redio kwa Baba Salha na familia yake, Eze kwenye mapaja, kama na mimi nimefunga. Walipotangaza, Salha akanuna, alitaka kuvaa gauni kesho. Na mimi nikanuna naye.

Nikapiga vituo hapohapo. Pangani kwanza.

Bi Mwanaidi akavuta pumzi. Mwanangu, Jumamosi nina swala, nina pilau, nina wajukuu tisa, na wewe unataka nikaingie baharini. Nikamwambia ukweli. Kwamba mara ile niliwasimamisha kwenye maji na swaumu zao kwa ajili ya saa ya Zambia. Kwamba safari hii nitakuwa kwenye simu tangu wanatoka kuswali, hakuna atakayeningoja. Kwamba ikishindikana kazi hii siyo yetu tena, mimi na Rehema.

Akauliza, na huyo Rehema anakula? Nikasema anakula uji. Akasema swala inaisha mapema, maji yanakupwa baadaye. Katikati hapo watu huwa wanatembeleana kula biriani za watu. Safari hii tutatembelea miamba.

Nusura nilie. Nikapiga Mafia. Mzee Shomari kasema atakuja na kanzu yake mpya, na ikilowa nitamfulia mimi, si ndiyo kazi niliyoanzia? Nikasema nitafua.

Sita wamekubali. Kombo hapokei.

Ijumaa, 20 Machi

Nilipanda Noah ya abiria mpaka Vwawa, nikamwona Dada Rehema dakika chache, uso umepungua kuvimba. Kisha Isansa na mvua. Matope mpaka magotini, Eze analala tu mgongoni kama mfalme.

Kombo kapokea mchana. Kauli yake fupi. Dada, mimi Idi naenda Lindi kwa mama. Sijamwona tangu mwaka jana. Nisamehe.

Ningemwambia nini? Mama yangu mwenyewe alikuwa pembeni ananichomea mahindi mabichi. Nimesafiri kuja kwake halafu nimwambie mtoto wa mwenzangu asiende kwa mama yake? Nikamwambia msalimie mama.

Baadaye nimejilaumu. Vituo sita si saba. Kilwa iko katikati, ni kama jino la mbele limetoka.

Mama kaniuliza nalia nini. Nikasema bahari. Akanitazama, akaniongezea hindi.

Jumamosi, 21 Machi

Ukungu asubuhi. Mnara unashika vizuri kwenye jiwe kubwa nyuma ya mibuni, nikakaa hapo na blanketi. Saa ya simu nimeifunga, na bado nikaazima saa ya ukutani ya mama, nikaiegemeza kwenye mbuni. Zinakubaliana. Nikatazama tena. Zinakubaliana.

Swala zilipokwisha nikaanza kuunganisha. Tanga wakaingia. Pangani. Bi Mwanaidi na kelele za watoto nyuma yake, akasema pilau kaiachia wifi yake na hamwamini. Unguja. Bagamoyo. Mafia, Mzee Shomari kakunja kanzu mpaka mapajani, anasema samaki wanamshangaa. Mtwara. Wote wananipa mkono wa Idi, mimi natoa pole badala ya pongezi, wananicheka. Dada Rehema akaingia kutoka wodini, ananong'ona, muuguzi yuko karibu.

Sita. Nikapiga Kilwa. Inaita. Hapokei. Nikasema basi.

Wanawake wanaoenda kupalilia kahawa wakasimama, majembe mabegani. Wakamuuliza mama huyu anaongea na nani. Mama akawaambia kuna bahari humo, nyamazeni. Wakanyamaza kweli. Mmoja akavua na mabuti, sijui kwa nini.

Daktari naye akaingia. Akauliza wangapi? Nikasema sita, Kilwa hayupo, nilimruhusu mimi. Nikajua hapo ndipo kazi inapoondokea.

Simu ikaonyesha mtu anataka kuingia. Kombo. Anahema. Dada niunganishe, akasema, niko juu ya mwamba, mama yupo hapa ameshika fremu ya kuhesabia matumbawe. Kumbe usiku alimpigia mama yake, akamweleza yote, mama yake akasema kama ni mimi unayenitaka mbona basi lipo? Akapanda basi la alfajiri kuja yeye Kilwa. Sikukuu nzima kaingia nayo majini. Nikamsikia kwa nyuma, huyo ndiye bosi wenu? Mbona sauti ya kitoto?

Watu wote wakacheka, hata Daktari nadhani.

Nikasema shikeni vipima joto juu ya maji. Nikatazama saa zote mbili. Nilikuwa nasikia maji. Kweli yalisikika, kutoka simu saba, yanaguna chini chini kama mtu anayegeuka usingizini. Wale wanawake waliinamisha vichwa kusikiliza.

Nikasema chovyeni.

Wakachovya.

Halafu kimya cha kusubiri. Hapo Eze, aliyekuwa kwenye blanketi ananyonya kidole, akatoa sauti yake ndefu ile ya kuita paka, kwenye simu kabisa, bahari nzima ikamsikia. Mzee Shomari akauliza, na huyo nani, kituo cha nane? Nikasema ndiyo. Joto lake? Nikamshika paji. Nikasema la kawaida.

Wakaanza kusoma mmoja mmoja. Mimi naandika, mama ameshika mwavuli juu ya daftari. Saba zote. Dakika moja.

Dada Rehema alikuwa analia, nilimsikia. Muuguzi akamnyang'anya simu.

Wale wanawake wakapiga vigelegele shambani. Hawajui cha nini. Na mimi nikapiga.

Jumapili, 22 Machi

Nimeenda kanisani na mama. Mahubiri sikuyasikia, nisamehewe. Nilikuwa nasoma namba kichwani.

Jioni Daktari kapiga kueleza. Kaskazini kumeungua. Kwenye fremu ya Tanga matumbawe mengi ni meupe kabisa, Pangani karibu sawa. Bi Mwanaidi alisema anayajua tangu yakiwa na rangi. Hilo limenikata. Nilikuwa nafurahia saa kukubaliana, kumbe tulikuwa tunapima mgonjwa.

Lakini Mafia na Kilwa, upande wa maji mengi yanayopita, kuna baridi. Matumbawe yana rangi yake. Daktari kasema hizo ndizo za kulindwa kwanza, mbegu ya nyingine. Na kama tungechovya kila mtu saa yake tusingeona tofauti hiyo.

Kisha akasema, Mama Eze, uliponiambia umemruhusu Kilwa nilikasirika. Nikasema nilijua. Akasema sawa. Akakata.

Sijui sawa gani.

Jumatano, 25 Machi

Nimerudi Tunduma. Ujumbe wa Daktari umeingia kwa Dada Rehema, naye akanitumia kama ulivyo: uratibu ubaki hukohuko. Msaidizi aandikwe jina lake kwenye mradi. Mwezi wa sita waje wote wawili pwani, na mtoto.

Nimeusoma nikiwa nimesimama kwenye foleni ya maji. Nikausoma tena. Mwenye ndoo nyuma yangu akasema dada sogea, wenzio tuna kiu.

Nimemwambia Baba Eze. Akasema basi nahodha atapanda meli. Halafu akamchukua Eze, akamwambia utaona maji wewe. Mengi.

Jumamosi, 28 Machi

Dada Rehema karuhusiwa, lakini alale tu. Nimemtandikia sebuleni karibu na dirisha. Miguu imerudi. Anakula ndizi za Isansa alizoletewa na mama yangu, wanatumiana salamu sasa kama mashoga.

Simu za asubuhi nimepiga kwake. Tanga maji yamepoa kidogo, siyo sana. Mafia Mzee Shomari hakuniuliza samaki. Kauliza kituo cha nane kimeamkaje. Nikasema kimeota jino. Akasema andika hilo.

Pangani mwisho. Nikamwomba Bi Mwanaidi kitu ambacho siyo kazi. Aweke simu juu ya mwamba, asiseme kitu, aendelee na shughuli zake. Hakuuliza. Nikasikia ameiweka, nikasikia anaondoka, kanga yake inapiga upepo.

Maji yalikuwa yanajaa. Nimejifunza kuyasikia. Yanakuja kidogo, yanafikiri, yanakuja tena.

Nikaiweka simu juu ya mto wa kulalia, katikati ya mimi na Eze. Dada Rehema akafumba macho. Nje lori likazima injini. Eze akasikiliza, mdomo wazi, mkono kwenye ziwa langu, mpaka akalala.

Bando likaisha. Sikuinuka.